Dira ya maji nayo ni mizani

WAKATI mfanyabiashara wa soko la Manundu mjini Korogwe hakubali kununua gunia la mahindi bila kuitazama mizani kwanza, mfanyabiashara huyohuyo hununua maji mwaka mzima nyumbani kwake kwa kipimo ambacho hajawahi kukiinamia. Dira ipo uani, karibu na ukuta, imefunikwa kipande cha bati au imemezwa na majani. Anayeifunua ni msoma dira wa mamlaka peke yake, mara moja kwa mwezi. Siku chache baadaye ujumbe huingia kwenye simu ukitaja kiasi cha kulipa na namba ya kulipia. Kiasi kikiwa kidogo, hulipwa kimya kimya. Kikiwa kikubwa ndipo zogo linapoanza, na neno la kwanza kutajwa ni lile lililozoeleka nchi nzima: kubambikiwa.

Suala hili ni la biashara kuliko linavyoonekana. Katika miji ya ukubwa wa Handeni na Korogwe mpaka kati ya nyumba na duka ni mwembamba mno. Bomba la nyumbani ndilo linalopikia chakula cha mama lishe wa stendi, ndilo linaloosha nywele za wateja wa saluni ya barazani, linafyatulia matofali ya kuuza, na linaogesha wageni wa gesti ya vyumba sita. Bili ikiruka ghafla kutoka Sh 20,000 hadi Sh 80,000 kwa mwezi, tofauti hiyo haiwezi kutoka kwenye faida, kwa kuwa faida yenyewe mara nyingi haifiki huko. Inatoka kwenye mtaji.

Asiye na akiba hukatiwa huduma, na anayekatiwa hurudi kwenye ndoo. Hapo ndipo hasara kubwa inapokaa. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa Sh 500, uniti hiyo moja imemgharimu mnunuzi Sh 25,000. Hakuna mamlaka ya maji nchini inayotoza nyumba bei inayokaribia hiyo. Mteja aliyesusa bili ya Sh 80,000 kwa hasira anaweza kujikuta, kabla mwezi haujaisha, amempa kiasi hicho hicho mwenye pikipiki ya madumu na bado hajafua nguo.

Handeni haikuanza jana kuijua bei ya maji. Ni wilaya ya ukame, ambako kwa miaka mingi watu wametegemea mabwawa, visima vifupi na mawingu, na ambako kiangazi kikikaza ndoo ya maji huwa bidhaa ya sokoni kama nyanya. Mradi mkubwa wa bomba la Handeni, unaojulikana kwa kifupi kama HTM, ulijengwa miaka ya 1970 ili kuchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kupanda kuelekea Handeni. Ulihesabiwa miongoni mwa miradi michache iliyoitwa ya kitaifa, pamoja na ile ya Makonde, Wanging'ombe na Maswa. Enzi hizo mwananchi wa kijijini hakuletewa bili, na Serikali ndiyo iliyobeba gharama za kuendesha mitambo. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ikaleta uchangiaji, sera ya 2002 ikaukaza, na tangu EWURA ilipoanza kazi mwaka 2006 bei ya kila uniti hupangwa kwa maombi ya mamlaka, maoni ya wateja na hesabu za mdhibiti. Mnywaji wa maji amegeuzwa kuwa mteja katika muda wa kizazi kimoja. Kilichosahaulika ni kumwonyesha kile chombo kinachomfanya awe mteja.

Ni haki pia kusema upande wa muuzaji. Kupandisha uniti moja ya maji kwa kimo cha mita 100 kunahitaji umeme wa uniti 0.27 hata kama pampu ingekuwa haipotezi chochote; kwa pampu za kawaida ni karibu 0.45. Maji yanayopanda kutoka Mto Pangani hadi vilima vya Handeni yanabeba umeme ndani yake, na umeme huo hulipwa fedha taslimu. Isitoshe, taarifa za EWURA za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka nchini hayalipiwi, ama yanavuja njiani, ama yanaibwa, ama hayapimwi sawasawa. Kwa hiyo wito wa kususa bili, unaosikika kila kiangazi, ni wito wa kuzima pampu. Lakini mamlaka inayotegemea mteja wake alipe haiwezi kumwambia "dira ndiyo iliyosema" na kuishia hapo. Mwenye duka hamjibu mnunuzi hivyo akiulizwa kuhusu mizani.

Basi bili hurukaje? Sababu ni kadhaa, na kila moja ina dalili zake. Iliyo nyepesi kugundua ni usomaji. Dira nyingi za majumbani zina tarakimu nyeusi zinazohesabu uniti kamili, na tarakimu au mishale myekundu inayohesabu lita. Tarakimu moja nyekundu ikisomwa pamoja na nyeusi, matumizi ya mwezi yanaweza kuongezeka mara kumi kwenye karatasi. Au msomaji hakufika mwezi wa kwanza, akakadiria, kisha akafika mwezi wa pili akakusanya yote kwa mkupuo. Kwa mteja, huo mkupuo una mtego wa pili: pale ambapo bei hupanda kwa madaraja kadiri uniti zinavyoongezeka, miezi miwili ikihesabiwa kuwa mmoja huisukuma nyumba kwenye daraja la bei kali ambalo kamwe haikulifikia. Uniti zilizolimbikizwa hazina budi kugawanywa kwa miezi yake. Mteja anayeweza kuonyesha alichosoma mwenyewe tarehe 1 ya kila mwezi hupata haki hiyo bila kelele. Asiye na kumbukumbu hubaki kulalamika.

Hii ndiyo maana ya agizo linalorudiwa na Wizara ya Maji chini ya Jumaa Aweso, aliyeteuliwa kuwa waziri Desemba 2020 na ambaye ni mtu wa Pangani, mkoa huohuo wa Tanga: kwamba dira isomwe kwa kumshirikisha mteja. Agizo ni zuri. Lakini linamtaka mteja naye awepo, au amwachie jirani, au angalau awe amepiga picha ya dira kwa simu yake. Picha yenye tarehe haigombani na mtu.

Sababu ya pili ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo itakayozisumbua Handeni na Korogwe miaka ijayo. Ni uvujaji wa ndani ya uzio, baada ya dira, ambako kila tone ni mali ya mteja. Tone moja kwa sekunde kutoka koki iliyochoka ni lita 20 na zaidi kwa siku, yaani ndoo moja kamili. Hilo bado ni dogo. Choo cha kuvuta ambacho boya lake halifungi vizuri kinaweza kupitisha nusu lita kwa dakika bila kutoa sauti, maji yakiteleza taratibu ukutani mwa bakuli. Nusu lita kwa dakika ni lita 720 kwa siku, na kwa mwezi ni uniti 21.6. Familia ya watu sita wanaotumia lita 60 kila mmoja kwa siku hutumia uniti 10.8 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, choo kimoja kibovu hunywa sawa na familia mbili za namna hiyo. Kwa bei ya mfano ya Sh 2,000 kwa uniti, iliyochaguliwa hapa kwa urahisi wa hesabu tu, familia inadaiwa Sh 21,600 na choo kinadaiwa Sh 43,200.

Sasa tazama kinachotokea maji yanapoongezeka. Nyumba iliyozoea mgao wa siku mbili kwa wiki imekuwa ikivuja siku mbili kwa wiki. Choo kile kile, kikiwa kimeunganishwa moja kwa moja na bomba la barabarani, kilipoteza uniti sita hivi kwa mwezi, kiasi ambacho mwenye nyumba alikimeza bila kujua. Huduma ikiboreshwa na maji yakaja siku saba, tundu ni lile lile, mteja ni yule yule, lakini upotevu unafika uniti 21.6. Presha nayo ikipanda, tundu linatema zaidi ya hapo. Bili inaruka mwezi ule ule ambao viongozi wanapiga makofi. Mteja anaona wazi kwamba ameibiwa. Mamlaka inaona wazi kwamba dira ni nzima. Wote wawili wanasema kweli kuhusu walichokiona, na uhusiano unavunjika.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Handeni na Korogwe. Miji hii miwili, pamoja na Muheza na Pangani, imo katika mpango maarufu wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa Dola milioni 500 za Marekani kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilitiwa saini Juni 6, 2022. Mkopo ni deni la taifa. Umekopwa kwa matumaini kwamba maji yatauzwa na kulipiwa. Fedha zote hizo zimekwenda kwenye vyanzo, pampu, matangi na mabomba makubwa. Mabomba ya ndani ya uzio, yale yaliyofungwa na fundi wa mtaani kwa vifaa vya bei poa na kuzoea shinikizo la kubahatisha, hayamo katika mkataba wowote. Yatapokea maji mapya yakiwa na matundu ya zamani.

Ingekuwa busara kwa mamlaka kutumia miezi ya mwanzo ya maji mengi kama kipindi cha uangalizi: nyumba ambayo matumizi yake yamezidi mara mbili ya wastani wa miezi mitatu iliyopita ipigiwe simu kabla ankara haijatoka, si baada. Kompyuta inayotuma ujumbe wa deni inaweza pia kutuma ujumbe wa tahadhari. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kukata na kurudisha huduma, na ni ndogo zaidi kuliko ya kumpoteza mteja.

Kwa upande wa mteja, kipimo cha uvujaji hakihitaji fundi. Usiku, watu wote wakishalala, funga kila koki, usitumie choo, andika namba zote za dira pamoja na nyekundu. Alfajiri kabla ya mtu kuchota, soma tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Dira nyingi zina pia kidude kidogo cha nyota au pembetatu usoni, ambacho huzunguka hata kwa mtiririko mdogo. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, jibu limepatikana kwa dakika moja. Mwenye tangi la juu afunge koki inayoingiza maji tangini na kurudia. Dira ikisimama, basi boya la tangi au mfumo wa ndani ndio mkosaji. Isiposimama, bomba lililo ardhini kati ya dira na nyumba limetoboka, na mara nyingi majani ya hapo huwa mabichi kuliko ya jirani. Jaribio hili lifanywe siku ambayo maji yapo bombani, vinginevyo halina maana. Uzembe wa boya la Sh elfu chache umewahi kufilisi gesti nzuri kuliko ushindani.

Linakuja suala la upepo. Hakuna lalamiko linalotajwa zaidi ya hili, na hakuna linalodharauliwa zaidi na maofisa. Mteja anasema anauziwa hewa, ofisa anacheka. Asicheke. Bomba likikauka, hewa huingia. Maji yakirudi, hewa hiyo husukumwa mbele na hutafuta pa kutokea. Pasipokuwa na valvu za kutoa hewa kwenye sehemu za mwinuko, au zikiwa zimeziba, hewa hutokea kwenye koki za wateja, na gurudumu la dira ya kawaida halichagui kati ya hewa na maji. Handeni, mji wa vilima wenye historia ndefu ya mgao, ni mahali ambapo jambo hili lazima litokee.

Lakini hesabu ifanywe. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa kilomita 1 hubeba karibu uniti 7.9. Hata likikauka lote na hewa yake yote ikapitia dira za nyumba 40 za mtaa huo, kila nyumba ingehesabiwa kama uniti 0.2 kwa mara moja. Mgao ukirudi mara 8 kwa mwezi, ni uniti 1.6. Hiyo ni fedha, na mteja hapaswi kuilipa. Ila haielezi bili ya uniti 40. Mwenye kudaiwa uniti 40 na kulaumu upepo peke yake anaweza kuacha choo chake kiendelee kumla. Ni kweli vilevile kwamba hewa haigawanyiki sawa: anayekaa mwinuko wa mwisho na anayeacha koki wazi usiku kucha akisubiri maji ndio wanaobeba sehemu ya wenzao. Mwenye tangi tupu yuko kwenye kundi hilo, kwa sababu boya lake huwa wazi muda wote. Dawa ya mteja ni kufunga koki ya kuingizia maji wakati wa ukame wa bomba na kuifungua maji yakishatulia. Dawa ya kweli iko kwa mamlaka: valvu za hewa zinazofanya kazi, na bomba lisilokauka.

Halafu kuna dira mpya. Magurudumu ya dira huchakaa kama kitu kingine chochote chenye kuzunguka, na dira iliyochakaa kwa kawaida huhesabu pungufu, hasa maji yakiwa kidogo. Mteja aliyekaa miaka 12 na dira moja amekuwa akipata punguzo bila kuomba. Siku inapobadilishwa, bili hupanda na lawama huanza. Ongezeko la namna hii huwa la kiasi. Bili ikipanda mara nne, itafutwe sababu nyingine. La muhimu ni siku ya kubadilisha yenyewe. Namba ya mwisho ya dira ya zamani na namba ya mwanzo ya mpya ziandikwe mbele ya mteja na pande zote zitie saini. Migogoro mingi ya bili inazaliwa siku hiyo, dira ya zamani inapotupwa kwenye gunia la fundi na kuondoka na ushahidi wote.

Mwenye shaka na dira yenyewe anaweza kuipima kwa ndoo. Jaza ndoo 10 zenye alama ya lita 20, kwa mtiririko wa kawaida, huku koki nyingine zote zimefungwa. Dira inapaswa kusogea lita 200. Dira mpya inatakiwa isipishane na ukweli kwa zaidi ya asilimia 2 katika mtiririko wa kawaida, na asilimia 5 maji yakiwa madogo sana. Ndoo si chombo cha maabara, na ikijazwa hadi mdomoni hupita alama yake, kwa hiyo tofauti ya lita chache isiwe kesi. Dira ikionyesha lita 240 au 250, hiyo ni kesi.

Na hapa ndipo hoja ya mizani inaporudi kwa sheria. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haikutungwa kwa ajili ya mahindi na mafuta ya taa peke yake. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, huhakiki pia dira za maji, na una kituo cha kazi hiyo Misugusugu, Kibaha. Muuza nyama wa Korogwe huitoa mizani yake ikaguliwe na kubandikwa stika, na asiyefanya hivyo anajua kitakachompata. Mamlaka ya maji ni mfanyabiashara mwenye mizani elfu kadhaa, zote zikiwa kwenye nyua za wanunuzi. Mteja anapouliza kama dira aliyofungiwa ilihakikiwa, na lini, anauliza swali la kawaida la sokoni na anastahili jibu la maandishi.

Maandishi ndiyo nguzo ya malalamiko yote. Aliyepiga kelele dirishani na kuondoka hajalalamika kisheria. Barua iende kwa mamlaka kwanza, ikitaja namba ya akaunti, namba ya dira, usomaji wa mteja na ule wa ankara, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mikataba ya huduma kwa mteja ya mamlaka nyingi inaruhusu dira kupimwa kwa ombi, mteja akibeba gharama endapo itakutwa nzima. Asiporidhika aende EWURA, na yupo pia mshauri asiyetoza kitu, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lenye kamati mkoani Tanga. Juu ya EWURA kuna Baraza la Ushindani. Safari hiyo yote ina maana moja kwa mfanyabiashara mdogo: ajenge faili. Wakati faili linasubiri, alipe kile kiasi cha wastani wake asichobishania, ili asionekane mkwepaji na asikatiwe kwa kisingizio rahisi. Mamlaka nayo haina sababu ya kumkatia mtu aliyelipa wastani wake na kuandika barua.

Wapo wanaosema yote haya yatakwisha dira za malipo ya kabla zikienea, maji yanunuliwe kama LUKU. Waziri Aweso mwenyewe amekuwa akizihimiza. Zina faida moja isiyopingika: deni la kushtukiza halipo. Mwenye kuvuja hujua mapema, maana uniti alizonunua kwa wiki mbili zimekwisha kwa siku nne. Lakini dira hiyo nayo ni mizani, nayo huzungushwa na hewa, nayo hupitisha maji ya choo kibovu. Kinachobadilika ni nani anayesubiri. Kwa ankara, mteja mwenye shaka anashikilia fedha zake na mamlaka inasubiri. Kwa malipo ya kabla, fedha zimekwishatoka na mteja ndiye anayezifuatilia.

Afrika Kusini walilipitia hili. Nyumba za Soweto zilikuwa zikitozwa kwa makadirio ya lita 20,000 kwa mwezi, dira zisisomwe, huku mabomba ya ndani yakivuja mno. Johannesburg ilianza mwaka 2004 katika mtaa wa Phiri kufunga dira za malipo ya kabla. Wakazi walikwenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Katiba, iliyotoa hukumu Oktoba 2009 na kuupa mji haki. Linalofaa kukumbukwa na wapangaji wa Handeni na Korogwe ni sehemu moja ya mpango ule isiyotajwa sana: mji ulikubali kuyatengeneza na mabomba ya ndani ya nyumba za watu. Waliona kwamba kufunga dira nzuri mbele ya bomba bovu ni kuhamisha hasara tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Kwa mwekezaji mdogo wa nyumba za kupanga, na wako wengi kuanzia Mkata hadi Mombo, hesabu ni ya karibu zaidi. Akaunti ya maji kwa kawaida ni ya nyumba, na mpangaji akihama usiku na deni lake, deni hubaki na kuta. Bili moja kwa vyumba vinane ni ugomvi wa kila mwezi: mwenye watoto watano analipa sawa na kapera, na hakuna anayejali koki inayotiririka uani kwa kuwa inatiririkia wote. Dira ndogo ya ndani kwa kila mlango, ambayo mwenye nyumba huifunga kwa gharama yake, hurudisha fedha hizo haraka kuliko rangi mpya ya ukuta. Mwenye nyumba aangalie pia daraja la mteja lililoandikwa kwenye ankara. Nyumba iliyofunguliwa duka mbele inaweza kuwa imehamishiwa bei ya biashara bila yeye kugundua, na duka likifungwa hakuna atakayeirudisha bei ya nyumbani asipoomba. Na mpangaji anapokabidhi funguo, namba za dira ziandikwe siku hiyo hiyo, nyeusi na nyekundu, kabla gari la vyombo halijaondoka.